Thamani, Kiwango na Kodi: Istilahi za Kodi ya Majengo na Suala la Usawa

Miongoni mwa hati zinazomfikia mwananchi nyumbani kwake bila yeye kuziomba, ilani ya kodi ya majengo ni mojawapo ya zile zenye maneno machache na athari kubwa. Ina jina la mwenye jengo, namba, kiasi cha fedha na tarehe ya mwisho ya kulipa. Maneno yanayoyaunganisha mambo hayo hayafiki kumi, na karibu yote yana maana zaidi ya moja. Katika makala haya tunakusudia kuyachambua maneno hayo, kwa sababu mtu anayeamini kuwa ametozwa isivyo haki hawezi kueleza ameonewa wapi ikiwa lugha ya ilani yenyewe haikuzitenganisha hatua zilizompatia deni. Wafasiri wa sheria, walimu na maofisa wa halmashauri ndio wanaoyatumia maneno hayo kila siku, na ndio tunaowakusudia.

Tuanze na neno “kodi” lenyewe. Mpangaji humlipa mwenye nyumba kodi. Mwenye kiwanja huilipa Serikali kodi ya pango la ardhi. Mfanyabiashara hulipa kodi ya mapato, na mwenye jengo hulipa kodi ya majengo. Kitenzi “kukodi” kimebaki upande mmoja tu, upande wa kutumia mali ya mtu kwa malipo, ilhali jina limeenea kotekote. Jirani yake “ushuru” lina asili ya Kiarabu yenye maana ya sehemu ya kumi, lakini leo hakuna anayelisikia hivyo. Ushuru wa soko hutozwa kwa meza au kwa gunia bila kumi yoyote kufikiriwa.

Mchanganyiko huo una historia. Utawala wa Wajerumani ulianza kutoza kodi ya nyumba katika Tanganyika mwaka 1898, na ule wa Waingereza ukafanya vivyo hivyo katika Kenya kuanzia mwaka 1901. Vijijini mtozaji hakuuliza nyumba ina thamani gani. Alihesabu vibanda, akadai rupia zake kwa kila kibanda. Kwa hiyo “kodi ya nyumba” katika vinywa vya babu zetu ilikuwa amri ya mtawala, na katika vinywa vya wajukuu wao mjini ni malipo ya mwezi kwa mwenye nyumba. Maana zote mbili bado zinaishi, na wakati mwingine hukutana katika sentensi moja.

Zilikutana hasa mwezi Agosti mwaka 2021, kodi ya majengo ilipoanza kukatwa katika Tanzania Bara kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 5,000 kwa mwezi kwa kila sakafu ya nyumba ya ghorofa. Anayenunua umeme aghalabu ni mpangaji. Akaona amekatwa “kodi ya jengo”, naye alikwisha kulipa “kodi ya nyumba” ya miezi sita mbele. Kisheria mdaiwa ni mwenye jengo, na aliyekatwa amemlipia mwenzake fedha ambazo anastahili kurudishiwa au kupunguziwa katika malipo yake ya pango. Lakini jambo hilo ni gumu kulieleza pale ambapo deni la mwenye nyumba na deni la mpangaji yana jina moja. Kwa sababu hiyo tunawashauri wafasiri na waandishi wa matangazo waliache neno “kodi” kwa ajili ya malipo ya Serikali na halmashauri peke yake, na malipo ya mpangaji wayaite “pango”. Neno ni la zamani na linaeleweka. Katika mazungumzo watu wataendelea kusema kodi, wala hatuna haja ya kugombana nao.

Tukitoka hapo tunafika penye uzito zaidi. Kodi yoyote inayotegemea thamani ya mali hupatikana kwa hatua tatu. Kwanza mtaalamu huliangalia jengo na kutamka thamani yake. Pili mamlaka huamua ni sehemu gani ya thamani hiyo itakayotozwa. Tatu hesabu hufanywa, na kiasi cha kulipa kinaandikwa katika ilani. Kiswahili cha ofisini kina tabia ya kuzifunika hatua zote tatu kwa neno “makadirio”. Tumeliona likitumika kwa thamani ya jengo, kwa kiasi cha kodi, na katika hati hiyo hiyo kwa bajeti ya halmashauri, ambayo nayo huitwa makadirio ya mapato na matumizi. Mwenye nyumba akiambiwa kwamba “makadirio yako yamepanda”, hajui kama nyumba yake imesemwa kuwa na thamani kubwa kuliko mwaka jana, au halmashauri imeongeza sehemu inayoitoza, au karani amekosea kuzidisha. Madai matatu tofauti, na kila moja lina mlango wake wa kubishia.

Kwa hatua ya kwanza neno lipo na limekwisha kupata nguvu ya sheria: ni “uthamini”, na afanyaye kazi hiyo ni “mthamini”. Tangu mwaka 2016 Tanzania ina Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini. Wako wanaoandika “tathmini” mahali pake. Maneno hayo mawili ni ya ukoo mmoja, lakini matumizi yamekwisha kuyatenga: tathmini hufanyiwa mradi, mtihani au athari za mazingira, na jibu lake huweza kuwa ripoti ya kurasa mia, uthamini hufanyiwa mali, na jibu lake ni fedha. Utengano huo una faida, na hatuoni sababu ya kuufuta.

Mthamini naye hutumia maneno matatu ambayo mfasiri hana ruhusa ya kuyabadilishana: thamani, bei na gharama. Bei ni ile ambayo mnunuzi fulani alimlipa mwuzaji fulani siku fulani. Thamani ya soko ni ile ambayo jengo lingetarajiwa kupata kama lingeuzwa kwa hiari, bila haraka wala udugu. Gharama ni fedha za kulijenga. Sheria ya kodi ya majengo katika mamlaka za miji ya mwaka 1983 iliitaka thamani ya soko, na pale isipoweza kujulikana, gharama ya kujenga upya baada ya kuondoa uchakavu. Nchini Tanzania ardhi ni mali ya umma, na kodi hiyo hulilenga jengo. Basi msomaji na afikiri: nyumba mbili za ramani moja, moja ikiwa Kariakoo na nyingine pembezoni mwa jiji, zinakaribiana kwa gharama na kuachana sana kwa thamani ya soko. Mfasiri aliyeandika “gharama” mahali pa “thamani” amehamisha mzigo kutoka mtaa mmoja hadi mwingine kwa neno moja.

Kwa hatua ya pili tunapendekeza mgawanyo ambao Kiswahili tayari kinao katika mishahara. Tunasema “kima cha chini cha mshahara”, yaani kiasi kamili cha fedha. Basi fedha zilizotajwa moja kwa moja, kama shilingi 1,000 kwa nyumba, ziitwe “kima”. Na sehemu ya thamani, kama shilingi 2 kwa kila shilingi 1,000 za thamani, iitwe “kiwango”. Kwa sasa yote mawili huitwa kiwango, na kwa hiyo msomaji wa tangazo hajui kama anaambiwa bei au uwiano. Kwa hatua ya tatu neno “kodi” latosha, au “kodi inayodaiwa” pale panapohitajika msisitizo.

Kuwa thamani na kiwango ni vitu viwili kunaonekana wazi zaidi Nairobi kuliko mahali pengine popote tunapopajua. Jiji hilo kwa miaka mingi lilitoza kwa thamani ya ardhi tupu, bila kuhesabu jengo lililo juu yake. Orodha yake ya uthamini ilitumia thamani za mwanzoni mwa miaka ya 1980, na iliendelea kutumika kwa karibu miongo minne. Thamani zikiwa zimeganda, njia pekee ya kuongeza mapato ilikuwa kupandisha kiwango, nacho kikafikia asilimia 34. Mtu aliyesikia asilimia 34 bila kuambiwa ni asilimia ya nini alidhani anaporwa theluthi ya kiwanja chake. Kumbe ilikuwa theluthi ya thamani ya siku ambazo baadhi ya mitaa ya leo ilikuwa mashamba. Orodha mpya iliyoandaliwa mwaka 2019 ilikuja na kiwango cha asilimia 0.115. Kiwango kilishuka karibu mara mia tatu, na bado wako walioongezewa kodi. Hilo halina muujiza. Mitaa haikupanda thamani kwa mwendo mmoja katika miaka hiyo, na orodha iliyoganda ilikuwa imewapunguzia wa mitaa iliyopanda sana na kuwaongezea wengine, kimya kimya, bila mtu yeyote kuamua hivyo.

Sasa tulitazame neno ambalo kila upande hulidai: “usawa”. Serikali ikitoza kima kimoja kwa kila nyumba, husema imetenda usawa. Mwenye nyumba ndogo akilipa sawa na mwenye nyumba kubwa, husema hakuna usawa. Wote wawili wanasema Kiswahili fasaha, kwa maana “sawa” huweza kuwa ulingano wa kiasi na huweza kuwa jambo lililo barabara. Mfasiri akiliacha neno hilo peke yake katika sheria au hotuba, ameacha ugomvi ndani yake.

Mfano wa Tanzania unastahili kutazamwa kwa makini. Kabla ya mwaka 2021 kima kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, na 50,000 kwa kila sakafu ya nyumba ya ghorofa katika majiji, manispaa na miji. Mwaka 2021 vikawa 12,000 na 60,000, na mwaka 2023 vikapandishwa hadi 18,000 na 90,000. Kwa kima hicho, nyumba ya chini yenye vyumba vinane, bustani na bwawa la kuogelea kule Masaki hutozwa shilingi 18,000, na nyumba ya vyumba viwili kule Mbagala hutozwa 18,000 zile zile. Fundi mstaafu wa Mbagala aliyeweka vyumba viwili juu ya nyumba yake ili apangishe ameingia katika kundi la ghorofa, na anamzidi mwenzake wa Masaki mara kadhaa.

Hata hivyo haifai kuudhihaki utaratibu huo. Majengo mengi yalikuwa hayajafanyiwa uthamini kabisa, wathamini hawatoshi, na kila ziara ya mtumishi mwenye daftari ni nafasi ya kunong’onezana mlangoni. Kima kimoja hakina nafasi ya kunong’ona. Hakina pia uthamini wa kubishia. Anayeuchagua utaratibu huo amechagua kupunguza aina moja ya udhalimu kwa kukubali nyingine, na ni haki ya wananchi kuambiwa hivyo kwa maneno yaliyo dhahiri. Kwa hiyo tungependa “usawa wa kima” litumike kwa kutoza kiasi kilekile, na “uwiano” kwa kutoza sehemu ileile ya thamani. Neno “haki” liachwe kwa hukumu ya mwisho, ambayo si kazi ya mwanaistilahi.

Pale ambapo uthamini upo, dosari zake ni za aina mbili, na hapa Kiswahili kinahitaji maneno mapya. Vitabu vya fedha vya kigeni huzungumzia usawa wa kulala na usawa wa kusimama, na tumeona wanafunzi wakiandika “usawa mlalo” na “usawa wima”. Maneno hayo ni picha ya mchoro ambao msomaji hakuuona. Afadhali tuziite dosari zenyewe.

Ya kwanza tunapendekeza iitwe “mtawanyiko”, neno ambalo walimu wa hisabati wamekwisha kulizoea. Tuchukue nyumba tatu ambazo sokoni kila moja ingeuzwa kwa shilingi milioni 40. Katika orodha ya uthamini ya kwanza imeandikwa milioni 20, ya pili 30, ya tatu 40. Yaani nusu, robo tatu na thamani kamili. Kiwango kikiwa shilingi 2 kwa 1,000, majirani hao watalipa 40,000, 60,000 na 80,000. Wathamini hupima jambo hilo kwa kutafuta uwiano wa katikati, hapa asilimia 75, kisha kuangalia kila nyumba iko mbali nao kiasi gani kwa wastani. Katika mfano wetu umbali huo ni karibu 17, ambao ni asilimia 22 ya uwiano wa katikati. Chama cha kimataifa cha wakadiriaji chenye makao yake Marekani kwa kawaida huvumilia hadi 15 kwa nyumba za kuishi. Ifahamike kwamba hakuna hata mmoja wa majirani hao aliyeandikiwa zaidi ya thamani halisi. Yule wa tatu ameandikiwa kweli tupu, na bado ameonewa, kwa kuwa wenzake wameandikiwa pungufu. Jambo hilo huwatatiza wengi, hata maofisa, ambao humjibu mlalamikaji kwamba “thamani yako ni sahihi” na kudhani wamemaliza.

Dosari ya pili tunapendekeza iitwe “mwelemeo”, kutokana na kitenzi “kuelemea”. Hii ni pale ambapo makosa hayakutawanyika ovyo bali yamelala upande mmoja, na upande huo ni wa nyumba za bei ndogo. Nyumba ya milioni 20 ikiandikwa 18, na nyumba ya milioni 200 ikiandikwa 100, kwa kiwango kile kile ya kwanza italipa shilingi 36,000 na ya pili 200,000. Mtazamaji wa haraka ataona mwenye nacho amelipa zaidi, na ataridhika. Lakini jumla ile ile ya 236,000 ingegawanywa kwa uwiano wa thamani halisi, mwenye nyumba ndogo angelipa 21,000 na ushei. Karibu shilingi 15,000 anazolipa ni za jirani yake mkubwa.

Mwelemeo si jambo la vitabuni. Mwaka 2017 gazeti la Chicago Tribune lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba katika wilaya ya Cook, iliyo na jiji la Chicago, nyumba za mitaa ya wenye kipato kidogo zilikuwa zikithaminiwa kwa uwiano mkubwa kuliko nyumba za mitaa ya matajiri. Mkadiriaji mkuu wa wilaya, Joseph Berrios, alishindwa na Fritz Kaegi katika uchaguzi wa ndani ya chama mwezi Machi mwaka 2018. Kwetu sisi jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba utaratibu wa kupinga uthamini, uliowekwa ili kusahihisha makosa, ulikuwa ukiyaongeza. Waliopinga kwa wingi, tena kwa msaada wa mawakili, walikuwa wale ambao tayari wameandikiwa pungufu.

Hapo ndipo maneno ya kupinga yanapokuwa na thamani ya fedha. Kiswahili kina “malalamiko”, “pingamizi” na “rufaa”. Malalamiko yaweza kupelekwa kwa mtu yeyote, wakati wowote, na hayamfungi mtu kujibu. Pingamizi huwekwa mbele ya mamlaka iliyotoa uamuzi, kwa maandishi, ndani ya muda uliotajwa, na lazima lijibiwe. Rufaa hukatwa kwa chombo kingine, baada ya pingamizi kukataliwa. Tumesoma tafsiri za matangazo zinazomwambia mwananchi “unaweza kulalamika” mahali ambapo sheria inasema aweke pingamizi. Mtu wa namna hiyo hwenda kwa mtendaji wa mtaa, akaeleza shida yake kwa adabu, akaambiwa imesikika, akarudi nyumbani. Siku zinapita, na mlango wa pingamizi unafungwa akiwa amekaa akisubiri jibu ambalo hakuna aliyewajibika kumpa. Mwenye wakili hafikwi na hayo. Hali kadhalika “msamaha” umekuwa ukitumika kwa mambo mawili: kutodaiwa kabisa, kama wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na kipato kwa nyumba wanayoishi, na kufutiwa deni lililokwisha kuwapo. Mzee asiyepaswa kudaiwa haombi msamaha. Anaonyesha kuwa deni halikuwa lake. Kwa maana ya kwanza tungependa “kutotozwa” itumike, ingawa si tamu masikioni.

Limebaki neno moja ambalo limetushinda kulikata, nalo ni “ghorofa”. Kwa wasemaji wengi nyumba ya ghorofa moja ni ile yenye chini na juu: ghorofa ni kile kilichoongezwa juu ya nyumba ya kawaida. Matangazo ya kodi nayo hutaja “kila sakafu”, na nyumba hiyo hiyo ina sakafu mbili. Kwa kima cha mwaka 2023, tofauti kati ya mhesabuji wa ghorofa na mhesabuji wa sakafu ni shilingi 90,000 kwa mwaka kwa jengo lile lile. Tena “sakafu” kwa fundi ni saruji iliyosakafiwa chini ya miguu, hata katika nyumba isiyo na ghorofa. Baadhi ya wafasiri wameanza kuandika “tabaka”, ambalo halina utata wa hesabu lakini linamkumbusha msomaji mambo mengine ya kisiasa. Katika miji ya kale ya pwani wenyeji walizoea kusema “juu ya dari” kwa sehemu ya juu ya nyumba, na tungependa kujua kutoka kwa wasomaji wa Unguja, Lamu na Mombasa kama mafundi huko bado wanalihesabu jengo kwa dari, na kama wanapohesabu huanzia chini au huanzia juu ya ngazi ya kwanza.